Boksi la Traveling Wilburys limefika Mtwara, nimelisikiliza wiki tatu ndo naandika

Mpwa wangu anafanya kazi melini, na wenye watu wao melini wanajua ilivyo, miezi na miezi simu haipatikani halafu asubuhi moja unasikia hodi mlangoni. Msimu huu meli yao ilikuja kupakia korosho hapa bandarini Mtwara, akaomba ruhusa ya masaa machache, akapanda bodaboda mpaka kwangu Chikongola, na hata hajakaa vizuri akatoa kiboksi kwenye begi, mjomba hii nimeiona dukani huko nilikopita nikakukumbuka wewe na gitaa lako. Chai hakumaliza. Mama watoto alikuwa na ming'oko jikoni, akamfungia kwenye mfuko, akaondoka nayo mbio kuwahi geti.

Kiboksi chenyewe kimeandikwa The Traveling Wilburys Collection, hilo ni kundi la wanamuziki watano wa rock, na ni toleo la mwaka 2007, ndani mna sidii mbili na dividii moja na kitabu kidogo cha picha. Nimekisikiliza wiki tatu kwenye deki yangu na subufa, usiku na mchana, nikiwa peke yangu na nikiwa na wenzangu wapiga muziki, na nimeona niandike kwa sababu huku Kusini nikiuliza watu wa muziki kuhusu hawa jamaa, karibu wote hawawajui. Na mimi mwenyewe nilikuwa namjua mmoja mmoja, huyu wa kwenye redio ya zamani, yule wa kwenye kaseti za marehemu baba, sikujua kabisa kama kuna siku walikaa watano jikoni wakatunga pamoja.

Ni hivi. Kuna George Harrison, yule mpiga solo wa Beatles, mzaliwa wa Liverpool. Kuna Jeff Lynne wa Birmingham, aliyekuwa kichwa cha Electric Light Orchestra, mtunzi na prodyuza. Kuna Bob Dylan ambaye huyo nadhani sina haja ya kumwelezea, mwaka 2016 walimpa mpaka tuzo ya Nobel ya fasihi kwa ajili ya mashairi ya nyimbo zake. Kuna Tom Petty wa Florida na bendi yake ya Heartbreakers. Na kuna Roy Orbison wa Texas, mzee wao, yule wa miwani nyeusi aliyekuwa anasimama jukwaani bila kutikisika hata bega na bado ukumbi mzima unanyamaza. Sasa elewa kwamba hawa wote ni watunzi, kila mmoja kwao ndo yeye mwenye nyimbo, yeye mwenye kauli ya mwisho. Huyo Orbison mwaka 1963 alizunguka Uingereza kwenye shoo moja na Beatles wakati Harrison ana miaka 20, kwa hiyo Harrison alimuona kaka huyu akiimba pale pembeni ya jukwaa usiku baada ya usiku, na miaka 25 baadaye anamkaribisha kwenye kundi. Mi hilo tu limenitosha kuisikiliza hii kazi kwa heshima.

Jinsi ilivyoanza ndo patamu. Mwaka 1988 Harrison alikuwa ameshatoa albamu yake, na kampuni ya rekodi ikamwambia tunahitaji wimbo wa ziada wa kuweka upande B wa santuri kwa ajili ya Ulaya. Kitu kidogo tu, cha kujazia. Yuko Los Angeles, anakula na Jeff Lynne na Roy Orbison, ambao kipindi hicho wanafanya kazi pamoja, Harrison akasema mi nataka studio ya kesho. Studio kupata kwa haraka ni shida, wakampigia Bob Dylan maana ana kistudio gereji kwake Malibu, Dylan akasema njooni. Gitaa la Harrison lilikuwa limebaki nyumbani kwa Tom Petty, akalifuata, akamwambia na wewe twende. Basi. Hakuna kikao, hakuna mkataba, hakuna meneja aliyepanga, mtu kafuata gitaa lake kaondoka na mwenye nyumba. Wamefika pale gereji wanahangaika wimbo uitweje, Harrison akaona boksi limeandikwa yale maneno ya mizigo ya kuvunjika, kwamba shika kwa uangalifu, Handle with Care, akasema ndo jina hilo. Wakatunga, wakarekodi, na watu wa Warner, ile kampuni ya rekodi, waliposikia wakasema huu hauwezi kwenda upande B, huu ni mzuri mno. Harrison akasema basi tufanye tisa zaidi iwe albamu.

Shida ilikuwa muda. Dylan alikuwa anaanza ziara mwezi wa sita, kwa hiyo mwezi wa tano wakajifungia kama siku kumi tu nyumbani kwa mwanamuziki Dave Stewart huko huko Los Angeles, wanakaa kwenye duara na magitaa makavu, haya tunayoita galatoni, wanatunga mchana, wanakula, usiku wanaimba maneno. Baadaye Harrison na Lynne wakabeba kanda mpaka Uingereza kwenye studio ya nyumbani kwa Harrison wakaweka mapambo. Tarehe 18 mwezi wa kumi 1988 albamu ikatoka, Volume 1, nyimbo kumi, haifiki hata dakika 40. Ikapanda mpaka namba 3 Marekani, ikauza zaidi ya nakala milioni tatu huko kwao, na 1990 ikachukua Grammy ya kundi la rock. Kitu kilichoanza kama cha kujazia.

Na hapa nataka nikae kidogo maana ndo kiini cha mimi kuandika. Ukichukua kava ya Volume 1 hutaona jina la Harrison wala la Dylan. Wamejiita ndugu wa familia moja ya Wilbury, Nelson, Otis, Lucky, Lefty na Charlie T. Jr. Jina la Wilbury lenyewe lilitokana na maneno ya studio, Harrison na Lynne wakati wanarekodi kikitokea kikosa kwenye mtambo walikuwa wanaambiana tutakizika kwenye miksi, kwa Kiingereza cha haraka inasikika hivyo, wilbury. Na nyimbo zote zimeandikwa kwamba watunzi ni Traveling Wilburys, yaani wote, sio huyu wala yule. Mtu ambaye alikuwa Beatles! Anakubali kuitwa Nelson na jina lake lisiwepo.

Sasa wapiga muziki wa hapa Mtwara watanielewa nikisema hivi. Miaka michache iliyopita tulikuwa wanne, wote watunzi, mmoja kutoka bendi ya hotelini, mmoja wa kwaya, mmoja mpiga besi aliyekulia kwenye taarab, na mimi wa gitaa la rithimu. Tukasema tuungane. Mazoezi tulifanya pale Shangani karibu na bahari, jioni kukipoa, nyimbo tano zilishasimama na zilikuwa nzuri, nasema kwa moyo safi zilikuwa nzuri. Tukapata shughuli, harusi kubwa, mwenye shughuli akataka bango. Bango tu. Nani aandikwe juu? Nani picha yake iwe katikati? Mmoja akasema yeye ndo anajulikana, mwingine akasema wimbo wa kwanza ni wake, mimi nikasema na mimi neno langu ambalo leo najuta, na mpiga besi akakunja waya wake, akaweka besi kwenye kesi, akaondoka bila kuaga. Harusi tulipiga watatu. Baada ya hapo kundi halikuwepo tena, na mpiga besi akahamia Lindi.

Na sio sisi tu, historia ya dansi ya nchi hii imejaa habari za nyota kukusanywa. Mwaka 1985 Hugo Kisima alivunja Orchestra Safari Sound yake akachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, hawa tunaowaita Sikinde, kwa mkupuo, akina Muhidin Gurumo na Hassan Bichuka, ikazaliwa International Orchestra Safari Sound, mtindo wake Ndekule. Muziki ulikuwa mtamu, wazee wanaukumbuka mpaka leo, ila hapo mwenye vyombo ndo aliyewaita, kuna mshahara, kuna bendi iliyoachwa inalia, Sikinde ikabidi ijipange upya. Ndo tulivyozoea sisi, nyota akihama ni vita. Kwa hiyo kusikia kwamba kuna watu watano wakubwa wamekutana bila mtu kumnyang'anya mtu, kila mmoja na bendi yake au kazi yake inamsubiri pale pale, wakamaliza, wakarudi makwao, hawakupiga hata shoo moja ya jukwaani pamoja kama kundi, kwangu ilikuwa habari mpya kabisa.

Haya, nyimbo. Siku ya kwanza niliwaita wenzangu barazani, yupo yule wa bendi ya hotelini, vijana wawili wanaorekodi bongofleva na mzee wetu mmoja aliyepiga tumba kwenye bendi ya jeshi miaka ya 70. Handle with Care ndo inafungua. Msikilize Harrison anavyoanza, sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka lakini hana kinyongo, beti mbili tatu, halafu ghafla anampisha Orbison, na wimbo unainuka kama vile mtu kafungua dirisha la upande wa bahari, halafu Dylan na Petty wanaingia pamoja na sauti zao zile za kukwaruza kidogo, halafu unarudi kwa Harrison. Huko kupishana ndo utamu wote. Hakuna anayeng'ang'ania. Mtu anatoa kipande kizuri kuliko vyote vya wimbo alioanzisha yeye anampa mwingine kwa sababu anajua sauti ya yule ndo inakifaa. Yule wa bendi ya hotelini alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema rudisha, na aliporudishiwa nilimuona anahesabu kwa vidole nani kaimba wapi.

Magitaa sasa. Jeff Lynne ana tabia ya kuwapanga wapigaji wote wa gitaa kavu wapige rithimu ile ile kwa pamoja, magitaa manne matano yanakwenda mkono mmoja, ikitoka kwenye spika haisikiki kama gitaa moja lililoongezwa sauti, inasikika kama kitu kipana, kama mvua ya bati ikiwa mbali. Vijana wa studio waliniuliza ni programu gani, nikawaambia hamna programu, ni mikono ya watu waliokaa duara. Kwa mpiga rithimu kama mimi hii ni darasa, maana huku kwetu rithimu anaonekana ni wa kumsindikiza solo tu, kumbe rithimu ikipangwa inabeba nyumba nzima.

Wimbo wa tano ndo uliotusimamisha. Not Alone Any More, wa Roy Orbison peke yake mbele, wengine wanaitikia nyuma. Mzee wetu wa tumba alikuwa ameegemea nguzo ya baraza anamenya chungwa, akaacha kumenya. Wimbo ulipoisha akaomba urudiwe. Ukaisha, akaomba tena. Mara ya tatu akasema, huyu sauti haipigii kelele, anaiweka tu pale juu, inakaa. Ni kweli kabisa na sijasikia mtu akiielezea vizuri zaidi ya hapo. Orbison anaanza chini, anapanda, unasema hapa ndo mwisho wa sauti ya mwanaume, anapanda tena, na hakunji uso, wala haikwarui. Nikamsimulia mzee habari zake, kwamba mkewe alifariki kwa ajali ya pikipiki 1966, na 1968 nyumba iliungua watoto wake wawili wakafia humo, yeye yuko safarini anaimba. Na kwamba miaka mingi baadaye watu walikuwa wamemsahau sahau, ndo akina Harrison wakamfuata. Mzee akasema aah, basi. Hakusema kingine, akaendelea na chungwa lake.

Na huyu Orbison alifariki tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1988, moyo, ana miaka 52. Albamu ilikuwa na wiki saba tu tangu itoke. Aliwahi kuiona ikipendwa, lakini ndo kwanza ilikuwa inapanda.

Zingine nipite haraka. Rattled ni ya Jeff Lynne, mtindo wa rokabili wa kizamani, na kwenye dividii unapata kujua kwamba Jim Keltner, mpiga dramsi wao, alipiga fimbo zake kwenye friji jikoni, zile nguzo za rafu ndani ya friji, wakarekodi na ikabaki kwenye wimbo. Ukishalijua hilo husikii tena kitu kingine, kale kasauti kembamba kanakokimbia ni friji. Watoto wangu tangu waone hivyo friji letu halina amani. Dirty World ni ya Dylan, mwishoni kila mmoja anatupia neno lake kwa zamu kama watu waliokaa kijiweni, hapo unasikia kabisa kwamba walikuwa wanafurahi, ile furaha huwezi kuigiza studio. Tweeter and the Monkey Man ni hadithi ndefu ya wahalifu na polisi, Dylan anasimulia zaidi ya dakika tano, kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza kama changu hapo utapotea, mi nimebaki kufuata gitaa na kiitikio. Margarita sijaipenda, imekaa kama mazoezi. Heading for the Light ya Harrison ni ya asubuhi, mi naiweka nikiwa nafagia uwanja.

Ya mwisho ni End of the Line, na hii nakuomba usiishie kuisikiliza, iangalie video yake kwenye dividii. Wako ndani ya behewa la treni, wamekaa na magitaa, wanaimba kwa kupokezana. Video walipiga Orbison ameshafariki. Sasa pale inapofika sehemu ya sauti yake, kamera inakwenda kwenye kiti cha kubembea, hakuna mtu, kuna gitaa lake limewekwa pale juu linabembea taratibu, halafu picha yake. Wenzake wanaendelea kuimba. Hawakufuta sauti, hawakumpa mtu mwingine aimbe kile kipande, hawakuweka maneno ya rambirambi. Wamemwachia kiti. Sisi huku msibani kuna sehemu ya mtu inaachwa, mkeka unatandikwa na hakuna anayeukalia kwa haraka, mi nilivyoona kile kiti nikaelewa moja kwa moja bila kutafsiriwa.

Sidii ya pili ni Volume 3, ya mwezi wa kumi 1990. Ndio, kutoka moja wakaruka mpaka tatu, walipenda mambo hayo. Wamebaki wanne, na wamejipa majina mengine mapya, na kazi wameitolea kwa ajili ya Lefty, yaani Orbison. Gary Moore kaja kupiga solo kwenye wimbo wa kufungua na ni solo kali kweli. Lakini niseme ninavyoona, hii ya pili ni nzuri kwa wapenzi tu. Nyimbo ni za watu wanaojua kazi, zimenyooka, ila ile sauti ya juu haipo na hawakutafuta wa kuijaza, kwa hiyo kila wimbo unabaki kwenye urefu ule ule, unasubiri dirisha lifunguliwe halifunguliwi. Naheshimu kwamba hawakutafuta mbadala. Ila kama una hela ya moja, au bando la kusikiliza moja mtandaoni, chukua Volume 1. Kwenye hii ya pili mojawapo ya nyimbo za nyongeza ni Nobody's Child, walioufanya kuchangia watoto yatima wa Romania mwaka 1990, huo mama watoto ameupenda kuliko yote na sijabishana naye.

Kasoro za boksi lenyewe. Kikaratasi cha kukunja kinachoshika sidii kinabana mno, kuitoa mpaka uogope kuipinda. Dramsi anavyozirekodi Jeff Lynne zina mlio ule wa miaka ya 80, pah pah mkavu, kwenye subufa za kwetu hizi zenye besi nyingi inabidi upunguze besi karibu nusu la sivyo magitaa yanazama, na magitaa ndo kila kitu humu. Filamu fupi iliyomo kwenye dividii haifiki nusu saa, inaisha ndo kwanza umeanza kukolea, mi ningekaa masaa mawili kuwaangalia wale watu wanavyotupiana maneno. Na hakuna maandishi ya Kiswahili, hilo sikulitegemea, ila nimekaa na kijana mmoja anayefundisha Kiingereza hapa Ligula tukaandika kwenye daftari maana ya nyimbo nne, mwenye kutaka aje anakili. Bei siwezi kukwambia maana mpwa wangu alikataa kuitaja. Volume 1 na 3 zilikaa miaka mingi haziuzwi madukani kabla ya hili toleo la 2007, na lilipotoka Uingereza lilikwenda moja kwa moja namba 1, kwa hiyo sio mimi peke yangu niliyekuwa nasubiri bila kujua nasubiri nini. Siku hizi nyimbo zipo mtandaoni, video pia, ila dividii ina raha yake, mnaangalia watu sita, wale watano na Keltner wao, mkiwa na sahani moja ya korosho katikati na hakuna bando linalokatika.

Tangu wiki ya pili tumeanza kukutana tena barazani kwangu Jumapili jioni. Mimi, yule wa bendi ya hotelini, mzee wa tumba, na kijana mmoja wa bongofleva ambaye kumbe anajua kutunga vizuri tu akiwekwa mbali na kompyuta. Tumefanya kama tulivyoona, duara, magitaa mawili makavu, tumba moja, kila mtu anatupia mstari, ukikataliwa hukasiriki unatupia mwingine. Tuna wimbo mmoja umesimama, wa mama anayeokota korosho kwenye shamba lisilo lake, mwanzo ni wangu, kiitikio ni cha kijana, na kile kipande cha juu nilikuwa nimejiwekea mimi nikampa mzee kwa sababu sauti yake, pamoja na uzee wote, ndo inayoumia pale panapotakiwa kuuma. Tukirekodi hakuna jina la mtu litakaloandikwa, tumeshakubaliana. Wa kwaya bado hajaja, nimemwalika mara mbili, nitamwalika tena.

Tatizo wimbo hauna besi. Nilijaribu kuifuata kwa nyuzi za juu za gitaa, haikai. Kila tukifika kwenye kiitikio wote tunasikia shimo pale, na wote tunajua ni shimo la nani. Kwa hiyo juzi nimechukua boksi zima, sidii zote mbili na dividii, nimeongeza flashi yenye wimbo wetu tuliorekodi kwa simu, na karatasi niliyoandika kwa mkono kuhusu lile bango na lile neno langu, nikaweka kwenye katoni na magazeti pembeni. Jana alfajiri nimelipeleka stendi kwenye basi la Lindi, nimeandika jina lake juu, na kwa makapeni nyekundu pande zote nne, CHA KUVUNJIKA SHIKA TARATIBU. Kondakta akalipima kwa mkono akaniuliza mzee humu kuna nini, vyombo? Nikamwambia ndio, vyombo.